Kuhusu Glory na udaktari

Moshi, Jumapili usiku

Mama Glory wangu,

Hamjambo huko Sakina? Sisi tupo. Baridi ya Julai imeshika, mlima hatujauona wiki nzima. Mama anakusalimu, goti bado linamsumbua. Unisamehe kwa kimya tangu msiba wa Mzee Lyimo, mambo yaliingiliana.

Juzi uliponipigia nilikuwa zamu, nikakukatisha. Lakini swali lako ninalo mpaka leo: Glory akili yake ni ya kawaida tu, udaktari ataumudu kweli? Ulivyolisema kwa sauti ya chini nikajua yupo jirani anasikia. Hilo ndilo lililoniuma.

Unanikumbuka darasani? Kipanga wetu alikuwa Joyce, wewe ulimfuata kwenye hesabu, mimi nipo katikati ya orodha tangu kidato cha kwanza mpaka cha nne. PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, nilipita, sikung'ara. Mwaka wa kwanza chuoni nikapigwa sapu, kurudia mtihani, ya anatomia, na mwalimu mmoja akasema mbele ya wenzangu kwamba wengine Mungu hakutuumbia kazi hii. Nililia sana. Nilipotulia nikajiuliza ni kitu gani hasa sikukielewa, nikakosa. Vyote nilivielewa. Kilichonielemea ni wingi: mifupa 206, misuli, mishipa, na ya jana hayajatulia kichwani unaletewa mengine.

Basi nikatafuta chaki. Nyuma ya mlango wa chumba hosteli nikawa nachora zile neva za mkono, mizizi mitano kuanzia C5 hadi T1, zinavyotoka shingoni, zikaungana, zikagawanyika, zikapita chini ya mtulinga kuelekea mkononi. Nachora, nafuta kwa kanga kuukuu, nachora tena. Mwenzangu wa chumba alinuna kwa lile vumbi. Wiki ya kwanza nilikosea palepale kila siku. Ya tatu mkono ukawa unakwenda wenyewe.

Mwaka jana akaletwa kijana wa bodaboda, kaangukia bega njia ya Kibosho. Mkono umening'inia, umegeukia ndani, kiganja kinatazama nyuma. Sijamgusa bado, nikauona ule mlango na chaki yake: mizizi iliyoumia ni C5 na C6, ile miwili ya juu.

Na waliodisko, wale walioondolewa chuoni kwa kufeli? Mmoja alikuwa kipanga haswa, wa kuimbwa mkoa mzima. Alizoea kusoma mara moja likaingia, hivyo kupiga msuli hakujifunza, na kuomba aelekezwe aliona aibu. Mimi aibu hiyo iliniisha zamani, sekondari. Sikudanganyi lakini: mtu akielekezwa kemia mara kumi na bado haioni, atateseka, maana baiokemia haina huruma. Glory kemia si alifaulu vizuri?

Kwake naogopa kingine. Ni miaka 5, halafu mwaka mzima wa intanshipu. Bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa atakula nini? Mwenye njaa hasomi, awe kipanga awe kilaza. Baba Glory aumize kichwa hapo, akili ya mtoto aiache. Na digrii ikikosekana mwaka huu, ipo diploma ya utabibu ya miaka 3. Nimesoma na watu waliopitia huko kwanza. Wodini walituacha mbali, wagonjwa walishawashika kwa mikono yao.

Ila Mama Glory, narudi palepale. Hilo neno "kawaida" usilitamke tena akiwa karibu. Najua hukuwa na nia mbaya. Mimi yule mwalimu namsikia mpaka leo nikiandika dawa.

Sasa niambie. Akikosa swali hulirudia, au hufunga daftari? Anasoma peke yake au ana wenzake? Analala saa ngapi? Damu anaiweza? Ni yeye anautaka udaktari, au ni shangazi yake wa Njiro? Na wewe mwenyewe, presha imeshuka, au bado unakunywa vidonge siku unazokumbuka?

Nipe huyo mtoto wiki moja kabla maombi hayajafungwa. Akae hapa, aniulize mwenyewe yale asiyoweza kukuuliza wewe. Kitanda kipo, mama atampikia mtori, nami nitampokea stendi. Unamleta lini?

Wako,
Eli