Msaada wa ubaoni upunguzwe mstari kwa mstari

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wa Mwanza kuhusu mafumbo ya hisabati darasa la tano na la sita. Mara nyingi tunatatua mfano mmoja ubaoni, tunauliza "Mmeelewa?", darasa zima linaitika "Ndiyooo!", kisha tunatoa maswali kumi. Mtoto aliyeshikwa mkono anaachiwa ghafla.

Chukua fumbo hili: Mvuvi wa Igombe alipata kilo 48 za sangara. Aliuza kilo 30 kwa sh. 9,000 kila kilo na zilizobaki kwa sh. 7,500, kisha akalipia lita 20 za petroli kwa sh. 3,200 kila lita. Alibakiwa na shilingi ngapi?

Njia yake ina mistari sita, na jibu ni sh. 341,000. Mwalimu aandike yote sita akieleza sababu ya kila mmoja. Fumbo la pili, lenye namba nyingine, aandike mitano, wa mwisho wamalizie wanafunzi. La tatu aache miwili ya mwisho, hivyo hivyo hadi libaki fumbo tupu. Tunapunguza kuanzia mwisho kwa sababu mtoto akikosea mstari wa kwanza, yote inayofuata huharibika.

Pagumu hasa ni zile kilo 18 zilizobaki. Namba hiyo haimo kwenye fumbo, ndiyo maana wengi huzidisha 48 kwa 7,500. Usimwambie "toa", maana utakuwa umemfanyia hesabu. Muulize, "Zilibaki kilo ngapi?" Kisha unyamaze, uhesabu hadi tano kimoyomoyo. Kunyamaza huko ndiko kunakotushinda walimu wengi.

Hata darasa la watoto 90 linawezekana. Kabla ya kupunguza, kila mmoja aandike mstari unaofuata tu, nawe upite kati ya madawati. Wakikosea zaidi ya theluthi, rudisha mstari ubaoni. Wanaoweza wape fumbo tupu mapema. Msaada wasiouhitaji huwachanganya.

Watafiti David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross, walipoeleza msaada wa namna hii mwaka 1976, waliuita kwa jina la jukwaa la mafundi ujenzi. Jukwaa hubomolewa ukuta ukisimama.

Wathibiti ubora wa shule nao, wakifungua madaftari, wasihesabu alama za vyema tu. Watazame kama mistari ya mwalimu inapungua kutoka fumbo moja hadi jingine.

Mwalimu wa hisabati,
Ilemela, Mwanza