Magari ya zamani ya Marekani yapimwe kwa mwinuko wa Nairobi

Mhariri,

Kuna kosa linalorudiwa katika gereji nyingi za jiji hili, nalo linawala wenye magari ya zamani ya Marekani pesa nyingi kuliko kutu. Mtu hununua Chevrolet, Mustang au Dodge ya miaka ya 1960 na kuipeleka kwa fundi. Fundi hupima, hulinganisha na kitabu cha kiwandani, kisha hutoa hukumu: injini imechoka, ifunguliwe. Pistoni hutolewa, ringi hubadilishwa, krenki huchongwa. Gari likirudi barabarani lina uzito uleule mlimani, moshi mweusi uleule na kiu ileile ya petroli, kwa sababu ugonjwa haukuwa huko kulikofunguliwa. Vipimo vya kitabu viliandikiwa injini inayovuta hewa ya Detroit, karibu mita 190 kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko kama mita 1,700.

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze la kufanya kabla injini ya mtu yeyote haijafunguliwa.

Shinikizo la hewa ya Nairobi ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini ya V8, yaani ya silinda nane, iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 200 hapa hubaki na 165 hivi, na hakuna ringi mpya itakayoirudisha tofauti hiyo. Mwenye gari akubali hilo kwanza. Linalorekebishika ni mafuta na moto wa plagi. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hupitisha petroli kwenye jeti, yaani kitundu kilichotobolewa kwa ajili ya hewa nzito. Hewa inapokuwa nyepesi, petroli haipungui kwa kiwango kilekile, hivyo mchanganyiko unazidi mafuta. Plagi hutoka nyeusi zenye masizi makavu, na kijiti cha kupimia oili hunuka petroli. Madhara yake si kwenye mfuko peke yake. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuchuruzika hadi chini inakokaa oili, na hapo ndipo ringi huanza kuliwa kweli. Gari lililosingiziwa kuchoka huishia kuchoka, kwa kukosa kazi ya nusu siku.

Kazi hiyo huanza na geji ya vakumu, kipimo cha mvuto wa hewa ndani ya injini. Iunganishe kwenye manifoldi ya kuvutia hewa, chini ya kabureta, injini ikiwa imepata moto na inanguruma polepole. Vitabu husema injini nzima isome inchi 18 hadi 21 za zebaki. Kila futi 1,000 za mwinuko huondoa karibu inchi moja, na Nairobi iko kama futi 5,600, kwa hivyo hapa injini nzima husoma 13 hadi 16. Sindano ikitulia hapo, injini haina kosa. Ya kutiliwa shaka ni sindano inayoanguka na kurudi kwa mpigo usiobadilika, maana mara nyingi hiyo ni valvu isiyofunga vizuri. Kompreshani, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, nayo ni vivyo hivyo: pale kitabu kinaposema 160 psi (paundi kwa inchi ya mraba), Nairobi tarajia 130 hivi. La maana ni uwiano wa silinda zenyewe, ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu kabisa. Upime plagi zote zikiwa zimetolewa, betri ikiwa na chaji, na pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi chini. Pedali ikiachwa juu, injini hukosa hewa ya kugandamiza, na silinda nyingi zimehukumiwa kwa sababu hiyo tu.

Kabla ya kugusa jeti, hakikisha boya la kabureta linafunga petroli mahali pake, kwa kuwa bakuli lililojaa kupita kiasi huleta dalili zilezile. Kisha, kwa kabureta za Holley, kanuni inayotumika ni kushusha namba moja ya jeti kwa kila futi 2,000. Nairobi hiyo ni namba mbili au tatu: kabureta yenye jeti 72 ijaribiwe na 70, kisha 69. Endesha kilomita kumi za mwendo usiobadilika kwenye Thika Road alfajiri, zima injini hapohapo bila kuiacha ingurume, toa plagi utazame. Kaure ya plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotakiwa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, umepitiliza, panda namba moja. Quadrajet za Rochester, zilizofungwa kwenye Chevrolet na Pontiac nyingi, hupima petroli kwa visindano vinavyopanda na kushuka ndani ya jeti, na kwa kawaida ni nafuu zaidi kubadilisha visindano kuliko jeti zenyewe. Skrubu za mngurumo wa chini zifungwe taratibu kwa vidole mpaka ziguse, zifunguliwe mzunguko mmoja na nusu kila moja, halafu zisogezwe kidogokidogo mpaka geji ya vakumu isome juu kabisa. Anayezikaza kwa bisibisi huchimba ncha yake, na kabureta hiyo haitatulia tena.

Wenye magari kama haya mjini Denver, mji ulio kwenye mita 1,609, hawaoni ajabu yoyote katika haya. Nairobi iko juu kuliko Denver.

Moto nao, yaani wakati plagi inapotoa cheche, usogezwe. Hewa nyepesi huungua polepole, na kikombe cha vakumu kwenye distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi, hupata mvuto mdogo, kwa hiyo digrii mbili hadi nne za mzunguko wa krenki mbele zaidi kuliko kitabu hurudisha uhai mwingi. Kwa Chevrolet 350, jumla yote ya kutangulia kwa moto isizidi digrii 36 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, mpira wa vakumu ukiwa umechomolewa na kuzibwa. Ila usiiamini alama ya puli kabla ya kuihakiki. Puli ya mbele ya krenki ina pete ya nje iliyoshikwa kwa raba, na raba ya miaka 50 huteleza, alama ikahama. Ihakiki kwa chuma cha kuzuia pistoni: kifunge kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza, zungusha krenki kwa mkono mpaka pistoni iguse, weka alama, zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pistoni ilipo juu kabisa.

Kosa jingine hapa ni mpangilio wa waya za plagi. Chevrolet za V8 ndogo huwasha silinda kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2, na distributa yake huzunguka upande wa saa. Ford 289 na 302 za miaka hiyo huwasha kwa 1-5-4-2-6-3-7-8, na distributa huzunguka kinyume. Chevrolet huhesabu silinda 1, 3, 5 na 7 upande wa kushoto, lakini Ford huweka 1 hadi 4 upande wa kulia. Na kitabu cha Marekani kikisema “upande wa dereva” kina maana ya kushoto, kwa sababu kule dereva hukaa kushoto. Fundi wa Kirinyaga Road aliyezoea dereva wa kulia hana lawama akizipachika waya kinyume. Mwenye gari amweleze mapema.

Anayeteremka Mombasa afanye kinyume cha haya yote. Abebe jeti za kiwandani na bisibisi pana, azirudishe kabla ya kufika pwani, Voi panafaa, na moto aurudishe kwenye namba ya kitabu. Asipofanya hivyo, injini iliyopunguziwa mafuta kwa hewa ya Nairobi itakutana na hewa nzito na joto, mchanganyiko utakauka, na pistoni hutoboka. Injini za mwisho wa miaka ya 1960 zenye mgandamizo wa 10 kwa 1 na zaidi zilitengenezewa petroli kali kuliko super ya kawaida ya vituo vyetu. Nairobi mwinuko huzikinga, lakini pwani hugonga, yaani petroli huwaka ovyo ndani ya silinda, zikikanyagwa mlimani. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huzigongesha hata hapa. Uchakachuaji huo ndio uliofanya serikali mwaka 2018 iweke ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, na mwenye V8 ya zamani bado anafaa kuchagua kituo anachokiamini na kudumu nacho.

Kuhusu kuchemsha. Maji yasiyogandamizwa huchemka Nairobi kwenye nyuzi 94 za Selsiasi hivi, si 100. Themostati (valvu inayoachia maji yazunguke injini ikipata moto) ya Fahrenheit 195, iliyofungwa kwenye magari mengi ya mwisho wa miaka ya 1960, hufunguka kwenye 90.5. Kifuniko cha rejeta kikiwa kimekufa, una nyuzi tatu na nusu tu kati ya usalama na mvuke. Fundi akiona hivyo hung'oa themostati, na injini hubaki baridi siku nzima, ikiongeza masizi na tope kwenye oili. Dawa ni kifuniko kizima. Chenye 15 psi kinachoshika kweli hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 118, na kipimwe kwa pampu ya kupimia, kwa kuwa macho hayaoni springi iliyolegea. Lakini rejeta za zamani zenye kifuniko cha 7 psi zisivalishwe cha 15 bila kufanyiwa kazi, maana viungo vya risasi hufunguka. Themostati ya 180, yaani nyuzi 82, inatosha kabisa kwa jiji hili. Hakikisha kava la feni lipo, kwani bila hilo feni huzungusha hewa ileile ya moto kwenye foleni ya Uhuru Highway.

Foleni hiyohiyo huleta tatizo la petroli kugeuka mvuke kwenye paipu, gari likazimika na kukataa kuwaka mpaka lipoe. Chini ya manifoldi ya moshi mara nyingi kuna valvu ya joto iliyowekwa kwa ajili ya baridi kali ya Marekani. Ikiganda imefungwa, moshi hupikia chini ya kabureta. Ifunguliwe na ifungwe waya ibaki wazi. Nairobi hatuna theluji.

Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya ifikapo 2006, na injini za kabla ya miaka ya 1970 zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu za moshi. Hata hivyo usifungue hedi kwa hofu. Gari la matembezi ya Jumapili huchukua miaka kuonyesha dalili, na dalili ni nafasi ya valvu kupungua mara kwa mara. Siku hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine, ndipo viti vya chuma kigumu viwekwe.

Breki hazina mjadala. Marekani ilianza kuweka masta silinda (pampu kuu ya breki) ya njia mbili kwenye magari yake yote kuanzia modeli za 1967 na 1968, na ya kabla yake mengi yana njia moja: silinda ya gurudumu moja ikipasuka, pedali yote inaanguka. Gari kama hilo halifai kushuka mteremko mkali wa Mai Mahiu mpaka libadilishwe. Oili ya breki ibadilishwe kila miaka miwili hata kama gari halikutembea, kwa kuwa hunyonya unyevu. Anayeagiza spea za breki na usukani akumbuke kwamba Ford na General Motors zilitengeneza magari ya usukani wa kulia Kanada kwa ajili ya nchi za himaya ya Uingereza, na sehemu zake nyingi za usukani haziko kwenye katalogi za Marekani.

Tunaloomba kwa wamiliki wenzetu ni hili. Wanaojiandaa kwa Africa Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanza 1970 na ambayo huvuta watu hadi Ngong Racecourse, hutumia miezi kung'arisha kromu, na kazi hiyo ni ya heshima. Watenge pia Jumamosi moja. Kila kundi la wamiliki liweke sanduku moja la pamoja lenye geji ya vakumu, taa ya taiming, kipima kompreshani, jeti za Holley namba 60 hadi 75, na seti ya spana za inchi. Spana ya milimita 13 kwenye nati ya nusu inchi huwa imelegea na huila kona. Ya 14 haiingii kabisa kwenye 9/16, ndipo fundi anapoingia na koleo. Ya 19 hukaa sawa kwenye robo tatu, na hiyo ndiyo bahati pekee. Sanduku hilo litolewe kwa fundi wa mtaani pamoja na gari, bila kumtoza. Yeye ndiye atakayeyaweka magari haya barabarani.

Na kila gari libandikwe kadi ndani ya boneti, imeandikwa kwa Kiswahili: namba za jeti za Nairobi na za Mombasa, digrii za moto kwa kila mji, vakumu na kompreshani iliyopimwa hapa, na tarehe. Kwa magari ya Chrysler, Dodge na Plymouth ya miaka ya 1960, iongezwe mistari miwili ya kusomwa na watu wa pancha kabla hawajashika bunduki ya upepo: boliti za magurudumu ya kushoto zina alama ya L na hesi za kinyume, nati zake hufunguka kwa kuzungushwa upande wa saa.

Wanachama wa kundi la wamiliki wa magari ya zamani ya Marekani,
Nairobi