Mama, nakujibu lile swali la kwenye simu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Juzi uliniuliza, "Kwani ni lazima urudi uwanjani?" nami nikabadilisha mazungumzo. Sauti yako ilikuwa na uchungu, nikashindwa kukujibu papo hapo. Leo nimekaa nikuandikie kwa utulivu, na kabla ya jibu nina jambo la kukuomba radhi.

Mwaka jana niliwaambia nimeteguka goti. Haikuwa kuteguka, na nilijua usiku uleule. Nilikuwa naukimbilia mpira, nikakanyaga ili nigeuke kushoto; mwili ukageuka, mguu ukabaki. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia mlio ndani ya goti kama kijiti kikavu kinavunjwa, na baada ya saa mbili goti lilikuwa limevimba hata pia yake haionekani. Vipimo vilionyesha ligamenti ya mbele imekatika kabisa. Hiyo ndiyo inayoushika mfupa wa ugoko usiteleze kuja mbele mtu anaposimama ghafla au kugeuka. Niliwaficha kwa sababu sikutaka mkeshe kwa mawazo mkiwa mbali, hamna la kufanya. Lakini mlikuja kusikia habari za upasuaji wakati umeshafanyika, na nikajua nimewaumiza zaidi. Nisameheni, wewe na Baba.

Ligamenti hiyo ikishakatika namna ile, mara nyingi haishonwi tu ikapona. Daktari alichukua kano kutoka nyuma ya paja langu, akatoboa mfupa wa paja na wa ugoko, akaipitisha humo na kuikaza. Niliamka nikiwa na sehemu mbili za kuuguza: goti, na paja lililotoa kano.

Sasa nikwambie kitu ambacho hakuna aliyenitayarisha nacho. Siku ya tatu mtaalamu wa viungo aliniambia nikaze msuli wa mbele wa paja, basi, niukaze tu nikiwa nimelala. Nikajaribu. Mguu ukalala kama gogo. Nikajaribu tena, jasho likanitoka, machozi yakafuata. Mimi niliyekuwa nakimbia dakika 90! Akanieleza kwamba goti likivimba, taarifa zinazokwenda kwenye mishipa ya fahamu huufanya mwili uuzime msuli huo wenyewe. Si uvivu wala woga. Alinibandika vifaa vya umeme mdogo pajani kuuamsha. Ulipotikisika kwa mara ya kwanza, kidogo tu, nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia bao lolote. Ndani ya wiki chache paja lilikuwa limekonda hadi suruali inapwaya upande mmoja.

Wiki hizo za mwanzo kazi ilikuwa mbili tu: uvimbe upungue na goti linyooke kabisa. Kunyooka ndiko kulikonitesa. Mtu hudhani kukunja ndiyo shida, kumbe goti lisiponyooka mapema utakuja kuchechemea, na msuli wa paja hautapata nguvu yake yote.

Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa natembea bila magongo, napanda ngazi, naendesha baiskeli ya mazoezi. Mlinisikia nilivyochangamka kwenye simu. Nikamwambia mtaalamu wangu niko tayari kukimbia. Akakataa, na sababu yake sijaisahau. Kano ile iliyopandikizwa haiwi ligamenti siku hiyohiyo. Kwanza inakosa damu, kisha mishipa midogo inaota ndani yake, nyuzi zake zinajengwa upya, na katikati ya kazi hiyo, takribani wiki ya 6 hadi ya 12, inakuwa dhaifu kuliko siku iliyowekwa. Maumivu yanakuwa yamekwisha wakati huohuo. Nilijisikia mzima katika wiki ambazo ningeweza kuiharibu kirahisi kabisa.

Tangu siku hiyo niliacha kuuliza goti "unaumwa?" nikaanza kulipima. Kila asubuhi nalizungushia utepe. Nikifanya mazoezi leo na kesho likaamka limejaa, narudi nyuma hatua moja. Kukimbia nilianza mwezi wa nne na nusu, dakika moja kukimbia na mbili kutembea, huku kunyanyua vyuma na kuchuchumaa kwa mguu mmoja vikiendelea mara tatu kwa wiki. Hii kazi ya vyuma inachosha kwa sababu haina mpira, haina wenzako, ni wewe na ule mguu.

Halafu ukafika mwezi wa saba. Timu ilikuwa na mechi kubwa, kocha akanipigia kuuliza kama nitaweza kucheza hata dakika 20. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepimwa. Kwenye kuruka kwa mguu mmoja, mguu wangu mbovu ulifikia asilimia 94 ya ule mzima, nikaona nimepona. Kisha nikaketishwa kwenye mashine ya kupima nguvu ya paja peke yake: asilimia 78. Mtaalamu akasema katika kuruka, nyonga na kifundo cha mguu hubeba kazi ya goti, umbali unaonekana mzuri na goti bado halijafanya sehemu yake. Wao wanataka angalau 90, na hata hiyo 90 wanaitazama kwa makini, maana mguu mzima nao hudhoofika mtu anapokaa bila kucheza.

Nikamkatalia kocha, Mama. Nilitazama mechi nikiwa kitini na tulifungwa. Iliniuma sana. Lakini kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ambao uligundua kwamba kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia goti tena kwa takribani nusu. Ningeuza hiyo kwa dakika 20?

Baba ananiuliza kila mara, "Lini?" Mwambie Alexia Putellas, mchezaji wa soka wa Hispania, aliumia ligamenti hii Julai 2022, siku moja kabla ya mashindano ya Ulaya kuanza, akarudi uwanjani mwishoni mwa Aprili 2023. Agosti mwaka huohuo Hispania ikatwaa Kombe la Dunia naye akiwamo kikosini. Na huyo alikuwa na watu wa kumhudumia mchana na usiku. Tarehe sina, nina vipimo.

Sasa swali lako. Si lazima, Mama. Naweza kuishi vizuri na goti hili bila soka. Nilifikiria kuacha, hasa mwezi wa pili, usiku. Lakini wiki mbili zilizopita nilikwenda uwanjani peke yangu asubuhi, nikaweka koni, nikakimbia na kukata kushoto, kona ileile. Mara tatu nilipunguza mwendo kabla sijafika, mwili ulikataa. Mara ya nne nikageuka, mguu ukashika, nikaendelea kukimbia. Nilisimama pale nikalia. Nataka kurudi kwa sababu nikiwa uwanjani ndipo ninapojijua vizuri kuliko mahali pengine popote, na nisingependa mlio ule wa goti uwe ndio kumbukumbu yangu ya mwisho ya mpira.

Sasa niko mwezi wa nane na nusu. Nafanya mazoezi na timu, ila bila kugombea mpira na mtu. Nitapimwa tena mwisho wa mwezi ujao. Nikikosa 90 nitasubiri, na safari hii utakuwa wa kwanza kupigiwa simu, kabla ya kocha.

Jambo moja la mwisho, na ni la haraka. Mdogo wangu ameniambia kaanza kucheza na timu ya shule. Wasichana huumia ligamenti hii zaidi kuliko wavulana. Kuna mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+, ni dakika 20 tu, na kwa mabinti wa umri wake huko Norway yalipunguza majeraha kwa karibu theluthi moja. Nitamtumia video nimwonyeshe jinsi ya kutua bila magoti kuingia ndani. Tafadhali mtazame anavyotua, hasa akiwa amechoka.

Msalimie Baba.

Mwanao akupendaye