Tunasifu kasi ya rola kosta, tunasahau kinachoisimamisha

Mhariri,

Kila inapofunguliwa rola kosta mpya, yaani treni ya burudani inayopanda na kuteremka vilima vya reli, Marekani au katika nchi za Ghuba, habari zinazotufikia kwa Kiswahili huwa na tarakimu mbili: urefu wa mnara na kasi ya treni. Tarakimu hizo ni za kweli, ila hazimwelezi msomaji jinsi mitambo hii ilivyofika ilipo. Kupata kasi si kazi. Kilima kirefu kinatosha. Kazi iliyowachosha mafundi kwa zaidi ya miaka 100 ni kuizuia treni isiruke reli, isirudi nyuma, isigonge iliyo mbele yake, na isimame pale inapotakiwa. Naomba nafasi niyaeleze hayo, kwa sababu ndiyo yanayomrudisha abiria nyumbani salama.

Asili ya mchezo huu ni Urusi, ambako katika karne ya 17 na ya 18 watu walijenga miteremko ya mbao, wakaimwagia maji yakaganda, kisha wakateleza juu ya barafu. Wafaransa waliuweka juu ya magurudumu, na kufikia mwaka 1817 Paris ilikuwa na miteremko ya namna hiyo ambayo magari yake yaliongozwa na reli yasichepuke. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua Switchback Railway huko Coney Island, New York. Abiria walipanda ngazi hadi jukwaani, wakaketi wakitazama ubavuni, wakateremka kwa kama kilomita 10 kwa saa hadi upande wa pili, ambako treni ilihamishiwa reli ya kurudia. Nauli ilikuwa senti 5. Mwaka uliofuata Philip Hinkle akaleta mtambo wa kuivuta treni hadi kileleni na abiria wakiwa ndani, na mbio za kujenga vilima virefu zikaanza.

Mtu aliyezifanya mbio hizo ziwezekane bila kumaliza watu ni John Miller, Mmarekani mwenye hataza (haki za kisheria za uvumbuzi) zaidi ya 100. Katika hizo, mbili zina uzito kuliko nyingine zote. Ya kwanza, ya mwaka 1910, ni ulimi wa chuma uliofungwa chini ya behewa, unaoangukia kwenye meno ya chuma yaliyopangwa kando ya mnyororo. Ule mlio wa ka-ka-ka unaosikika treni ikipanda ni ulimi huo ukivuka jino baada ya jino. Mnyororo ukikatika, treni hurudi nyuma sentimita chache tu, kisha ulimi unaishika. Kinachotokea kinga hii isipofanya kazi kilionekana Battersea, London, tarehe 30 Mei 1972: treni ya Big Dipper ilijitenga na kamba iliyokuwa ikiivuta, kinga ya kurudi nyuma ikashindwa kuishika, treni ikashuka kinyumenyume na kuacha reli. Watoto 5 walikufa.

Hataza ya pili ni ya mwaka 1919: gurudumu lililo chini ya reli. Kabla ya hapo treni ilikaa relini kwa uzito wake yenyewe, na mbao za pembeni zikaizuia isichepuke. Kilele kikiwa kikali, magurudumu yaliweza kuinuka. Ndiyo maana mashine za zamani zilibeba mtu wa breki ndani ya treni, kazi yake kupunguza mwendo kabla ya kila kilele. Rutschebanen ya bustani ya Tivoli, Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1914, bado inaye. Miller alipoongeza gurudumu la chini, treni ikawa imeikumbatia reli. Hadi leo kila fungu la magurudumu lina aina tatu: la juu linalobeba uzito, la ubavuni linaloongoza kwenye kona, na la chini linalozuia treni kuinuka. Ile raha ya mwili kuachana na kiti kileleni ni zao la gurudumu hili la chini, ambalo abiria halioni. Na fungu hilo ni imara kwa kadiri ya bolti zake. Edmonton, Kanada, tarehe 14 Juni 1986, bolti za fungu la magurudumu la behewa la mwisho zilitoka, behewa likaacha reli ya Mindbender na watu 3 wakafa. Mashine hiyo ilibuniwa na mabingwa. Kilichoiangusha ni bolti.

Kitanzi cha kumgeuza abiria kichwa chini kilijaribiwa mapema mno. Flip Flap Railway ya Coney Island, mwaka 1895, ilikuwa na duara kamili lenye kipenyo cha kama mita 7.6, na ikajulikana kwa kuumiza shingo. Kosa lilikuwa katika umbo. Kwenye duara kamili treni hutoka reli iliyonyooka na kuingia mpindo mkali papo hapo, kama dereva anayekata usukani wote kwa mara moja akiwa mbioni. Hata katika hesabu rahisi isiyo na msuguano, treni inayopita juu ya duara kwa kasi ndogo kabisa ya kutoanguka humkandamiza abiria kwa mara 6 ya uzito wake inapokuwa chini. Dawa ilisubiri hadi mwaka 1976, pale Anton Schwarzkopf na mhandisi Werner Stengel, wote Wajerumani, walipojenga Revolution huko Magic Mountain, California. Kitanzi chao kina umbo la tone la maji: mpindo ni mpana chini, ambako kasi ni kubwa, na unakaza taratibu kuelekea juu, ambako kasi imepungua. Mkandamizo ukabaki katika kiasi ambacho mwili unakihimili. Karibu kila kitanzi kilichofuata duniani kina asili yake hapo.

Umbo kama hilo lisingewezekana kwa mbao. Mwaka 1959 kampuni ya Arrow Development ilijenga Matterhorn Bobsleds huko Disneyland kwa reli ya mabomba ya chuma, na kuanzia hapo reli iliweza kukunjwa upande wowote. Magurudumu nayo yakavikwa poliyurethani badala ya chuma kusaga chuma. Hapa ipo hesabu ambayo watu wa nje hawaijui. Gurudumu laini hupunguza mtikisiko lakini hula mwendo. Gumu, la nailoni, hukimbia zaidi lakini hutikisa. Asubuhi ya baridi beringi zina grisi nzito na treni inachelewa. Mchana wa joto, magurudumu yakishapata moto, treni ileile inapita mahali palepale kwa kasi zaidi. Upepo mkali wa mbele ukiongezeka kwenye baridi, treni tupu inaweza kushindwa kuvuka kilele na kukwama bondeni. Kwa hiyo kila asubuhi treni huzungushwa bila watu, na muda wake hupimwa na kulinganishwa na wa kawaida.

Kuhusu kasi, fizikia ni ya kikatili. Bila msuguano, kuteremka mita 10 kunakupa kama kilomita 50 kwa saa. Ukitaka 100 unahitaji mita 40, na ukitaka 200 unahitaji mita 160. Kasi ikizidishwa mara mbili, urefu unazidishwa mara nne, pamoja na chuma na gharama za kuusimamisha. Magnum XL-200 ya Cedar Point, Ohio, ilivuka futi 200 mwaka 1989, na Millennium Force ya bustani hiyohiyo ikavuka futi 300 mwaka 2000. Baada ya hapo ilikuwa lazima kuacha kutegemea kilima na kuirusha treni kutoka chini. Mota za sumaku zilizopangwa kando ya reli zilianza kazi hiyo mwaka 1996 kwa rola kosta ya Flight of Fear huko Marekani. Tatizo lake ni umeme: zinahitaji nguvu nyingi mno kwa sekunde chache. Incredible Hulk ya Orlando, iliyofunguliwa mwaka 1999 na ambayo hurusha treni kwa matairi badala ya sumaku, ilikabili tatizo hilohilo kwa kuweka magurudumu mazito yanayoongezewa kasi polepole na kuachia nishati yao kwa mkupuo, ili mtandao wa umeme wa eneo usishtuke.

Njia nyingine ilikuwa haidroliki: mafuta yaliyogandamizwa yanazungusha pipa, pipa linavuta kamba ya chuma, kamba inavuta treni. Kingda Ka ya New Jersey, mwaka 2005, ilipanda mita 139 kwa kasi ya kilomita 206 kwa saa. Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, hufika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde 4.9, na abiria huvaa miwani ya kukinga macho. Kwa kilima peke yake kasi hiyo ingedai zaidi ya mita 225; mashine yenyewe haizidi sana mita 50. Mfumo huu ulikuwa na nguvu, lakini kamba huchakaa, mafuta huvuja na pampu hudai matengenezo yasiyoisha. Kingda Ka ilibomolewa mwaka 2025. Kwa maoni yangu haidroliki ilikuwa daraja tu, na mota za sumaku ndizo zilizoshinda.

Sumaku zilishinda upande wa breki pia, na huu ndio ugunduzi ninaouheshimu kuliko mwingine wowote wa miaka ya karibuni. Breki ya zamani ilibana bamba la chuma kwa nguvu ya hewa. Ikilowa mvua ilishika vibaya, na vibanio vililika. Breki ya sumaku haigusi kitu. Bamba la shaba au alumini likipita katikati ya safu mbili za sumaku za kudumu, umeme huzaliwa ndani ya bamba lenyewe na kulipinga lisiendelee. Treni ikija kwa kasi hupingwa zaidi. Ikija polepole hupingwa kidogo. Hakuna waya wa kukatika wala hewa ya kuisha, na umeme wa mji mzima ukizimika breki bado inafanya kazi. Kwenye mashine za kurusha, mabamba hulala chini treni inapoondoka kisha huinuka nyuma yake. Ikishindwa kuvuka mnara na kurudi kinyumenyume, inakuta breki inaisubiri. Upungufu wake ni mmoja: kadiri treni inavyokaribia kusimama, nguvu ya sumaku inakwisha, kwa hiyo mita za mwisho zinahitaji breki ya kubana au matairi ya kuishika.

Kinga ya mwisho ni ya kompyuta. Reli hugawanywa katika vipande, na kila kipande huishia mahali ambapo treni inaweza kusimamishwa. Kanuni ni kwamba treni haiingii kipande ambacho bado kina treni nyingine, na vipande lazima viwe vingi kuliko treni, angalau kwa kimoja. Vihisi vya relini huhesabu kila treni inayoingia na kutoka. Hesabu isipolingana, mtambo mzima husimama.

Tarehe 2 Juni 2015, The Smiler ya Alton Towers, Uingereza, yenye sehemu 14 za kumgeuza abiria kichwa chini, ilifanya hivyo hasa. Treni ya majaribio isiyo na watu ilikuwa imekwama bondeni, kompyuta ikaiona, ikazuia treni yenye abiria 16 kusonga mbele. Mafundi hawakujua kwamba treni moja zaidi ilikuwa imeongezwa relini. Wakadhani kompyuta imekosea, wakaipuuza na kuiruhusu treni kwa swichi ya mkono. Treni ikaenda kuigonga ile tupu. Watu 5 waliumia vibaya, na wasichana 2 kati yao walikatwa mguu. Mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 5. Soma tena mpangilio wa tukio: kila chombo kilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumlazimisha fundi aihesabu kila treni kwa macho kabla hajagusa swichi ile.

Orlando ilikuja kutuonyesha jambo hilohilo tarehe 24 Machi 2022, kwenye mnara wa kuangusha watu wa Icon Park. Kihisi cha kizuizi cha kiti kimoja kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, kikakubali nafasi pana kuliko ya viti vingine kana kwamba kizuizi kimefungwa sawasawa. Taa ikasema salama. Mvulana wa miaka 14, mwenye mwili mkubwa, aliponyoka alipokaribia chini, akafa. Mkanda wa kiunoni, ambao kiti hakikuwa nao, ungekuwa kinga ya pili isiyotegemea kihisi.

Ndiyo maana naomba waandishi wenu wanapoandika kuhusu mashine yoyote ya burudani, iwe ya Abu Dhabi au ile ndogo ya mtumba inayofungwa kwenye viwanja vyetu vya sikukuu na maonyesho, waulize mambo mengine kabla ya urefu. Kitabu cha mtengenezaji kipo, na fundi anakisoma kwa lugha anayoielewa? Daftari la ukaguzi wa kila asubuhi limetiwa sahihi ya leo? Vichomeleo na ekseli vilipimwa nyufa lini, kwa rangi ya kupenya au kwa mawimbi ya sauti, na nani alivipima? Bolti zinakazwa kwa spana yenye kipimo na kuchorwa mstari wa rangi, ili ikizunguka hata kidogo ionekane? Kiti kina kinga ngapi zisizotegemeana? Mwendeshaji anavivuta vizuizi kwa mkono kimoja kimoja, au anatazama taa tu? Umeme ukikatika treni ikiwa juu, nani anapanda kuwashusha watu, na mara ya mwisho walifanya zoezi lini?

Mwenye mashine aliye makini atayajibu yote akiwa amesimama palepale, daftari mkononi. Asiyeweza kujibu, andikeni hivyo, kwa jina la kiwanja na tarehe ya siku mliyouliza, kabla shule hazijafungwa.

Fundi mitambo,
Tanga