Gharama ya kutibu akili haiko kwenye matofali

Bwana Mhariri,

Nina duka la dawa huku Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, na ninaandika juu ya jambo ambalo wakubwa wetu wakiligusa, huligusa upande mmoja tu. Wakizungumzia kuboresha matibabu ya wagonjwa wa akili katika hospitali za Serikali, maneno yote huishia kwenye jengo: wodi mpya, uzio, vitanda, siku ya kukata utepe. Siupingi ujenzi. Ila jengo hulipiwa mara moja, mbele ya kamera, na mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo) au kifafa ana gharama ya kila mwezi, pengine ya maisha yake yote. Hiyo haina utepe, na kwa sasa wanaoibeba ni mama zetu wanaouza mboga sokoni.

Mama anaingia dukani na karatasi ya daktari. Imeandikwa dawa tatu: Haldol, Artane, na Largactil ya kumtuliza mgonjwa usiku. Nikimtajia jumla ananyamaza, anafungua fundo la kitenge alimoweka faranga, anahesabu, halafu anauliza lile swali ambalo kila muuza dawa wa Lubumbashi analijua: «Papa, kati ya hizi, ya maana zaidi ni ipi?» Ana uwezo wa kununua moja. Na hiyo moja hachukui plaketi nzima, anataka vidonge vya siku chache, zingine atarudia Mungu akijalia.

Mara nyingi anachukua Haldol na kuiacha Artane, kwa kuwa hospitalini aliambiwa kwamba Haldol ndiyo inayonyamazisha sauti anazosikia mtoto wake. Haldol ikitumiwa peke yake, hasa kwa kijana, inaweza kukaza misuli: shingo inapinda, macho yanagota juu, ulimi unatoka nje, mikono inatetemeka. Artane iliandikwa kwa ajili ya hayo, lakini nyumbani hakuna aliyeelezwa. Shangazi anasema mtoto kalishwa sumu, jirani anasema ni mkono wa mtu, na kesho yake dawa zote zinatupwa, kijana anapelekwa kwenye chumba cha maombi. Huko wengine hufungwa minyororo. Akirejea hospitalini amebebwa na wanaume wanne, hali yake ni mbaya kuliko mwanzo, na bili ya kulazwa inapita kwa mbali bei ya vile vidonge vilivyobaki juu ya meza yangu. Siwezi kumlaumu mama. (Artane nayo ina balaa lake, wapo vijana wanaoitafuta ili walewe, ndiyo maana siitoi bila karatasi. Hilo lingehitaji barua yake.)

Wala hatuzungumzii dawa za kifahari. Largactil ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Ufaransa mwaka 1952, na Haldol ilivumbuliwa Ubelgiji mwaka 1958. Haki za uvumbuzi zilikwisha zamani, viwanda vingi vinazitengeneza, na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, pamoja na fenobarbitali ya kifafa. Ipo hata sindano ya flufenazini, mtu anadungwa mara moja kwa mwezi hivi na familia inapumzika kuhesabu vidonge. Kwa hiyo kabati la hospitali likiwa tupu, tusisingizie ughali wa kiwandani.

Sababu iko kwenye kasa, sanduku la pesa la hospitali. Hospitali ya Serikali kwetu inaishi kwa pesa za wagonjwa wenyewe. Wauguzi wengi hawajaingizwa kwenye orodha ya malipo ya Serikali, wanasubiri primu, yaani posho inayogawanywa kutokana na mapato ya mwezi. Kwa hesabu hiyo mgonjwa wa akili ni hasara tupu: hapasuliwi, hapigwi picha, maabara haimwoni sana, anakaa kitandani wiki baada ya wiki, na ndugu zake wamekwisha kufilisika kabla ya kumfikisha. Mkurugenzi awe mwema kiasi gani, pesa ataipeleka kwenye uzazi na upasuaji, na ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Basi kumwambia aboreshe huduma hiyo kwa mapato yake mwenyewe ni kumwomba maji mtu aliyekaukiwa na kisima. Mzigo umewaangukia watawa: hapa Lubumbashi ni kituo cha Dr Joseph Guislain cha Mabruda wa Upendo, Bukavu ni SOSAME, Goma ni Tulizo Letu, vyote vya shirika hilohilo. Nawashukuru kwa dhati. Lakini jimbo la shaba na kobalti kuwaachia watawa kazi hii ni aibu.

Maana pesa ipo, na sheria inasema inapitia wapi. Sheria ya madini ya 2018 inatoza mrabaha (malipo ya kampuni kwa madini inayochimba) wa 3.5% kwa shaba na 10% kwa madini yaliyotangazwa ya kimkakati, kobalti ikiwemo. Katika mrabaha huo Serikali kuu inachukua 50%, jimbo yanapochimbwa 25%, mji, komuni au sekta husika 15%, na 10% inakwenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Anayeishi hapa na kuona malori ya madini yanavyojipanga kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hahitaji kuelezwa zaidi. Huko Abuja, mwaka 2001, nchi za Afrika ziliahidi 15% ya bajeti zao kwa afya. Na mwaka 2022 OMS ilieleza kwamba, kwa wastani, nchi za dunia haziipi afya ya akili hata 2% ya bajeti ya afya. Sisi tuanze basi na hiyo 2%, mradi itoke kweli.

Najua nitajibiwa kwamba dawa bila daktari ni bure, na madaktari wa magonjwa ya akili nchini ni wachache, wengi wao wako Kinshasa. Ni kweli. Ndiyo maana OMS ilianzisha mpango wa mhGAP mwaka 2008: muuguzi wa kawaida anafundishwa kuutambua ugonjwa, kuanzisha dawa na kumfuatilia mtu, na mwenye ujuzi zaidi anapita kumsimamia. Mafunzo si ghali. Tunapoharibu ni baadaye: muuguzi anarudi na cheti chake kwenye kituo kisicho na kidonge hata kimoja, au anahamishiwa kazi nyingine, na yule msimamizi hapiti kwa sababu hakuna aliyepanga mafuta ya pikipiki.

Ninawaomba wabunge wetu wa jimbo, katika kikao cha bajeti, waandike mstari wa peke yake wa dawa za akili na kifafa, ulipwe kutoka ile 25% ya mrabaha inayokuja jimboni. Dawa zinunuliwe kwa pamoja, zipelekwe katika komuni zetu za mjini, Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, na nje ya mji Kipushi na Pweto pia, maana wa huko hutumia nauli kubwa kuliko matibabu. Haldol na Artane zitolewe kwa bei moja ndogo, asilazimike mtu kuchagua. Primu ya muuguzi anayewaona wagonjwa hawa itoke kwenye mstari huohuo, asiwe wa kudharauliwa na wenzake siku ya kugawana. Maduka kama langu yatapoteza wateja, sawa. Na kila mwezi kilichopokelewa kibandikwe mlangoni mwa kituo, kwa faranga na kwa idadi ya vidonge, ili atakayekuta kabati tupu ajue amuulize nani.

Mwenye duka la dawa,
Katuba, Lubumbashi