Hamadi, usizifute zile diski

Swahiba Hamadi,

Assalamu alaykum. Salamu kwa shemeji, watoto na Bi Mkubwa. Dawa zake nimempa Abuu, Jumapili zitakuwa Tanga inshallah. Sisi huku wazima, tatizo joto tu.

Orodha na mchoro wako wa seva ya nyumbani, ile kompyuta ya kutunza video na picha za familia, nimevipata. Naandika haraka maana umesema Jumamosi unakuja Kariakoo, na pia kwa sababu ya ile sentensi yako ya mwisho, kwamba mashine mpya ikishawaka utazifuta zile diski mbili za zamani uziingize humo. Tafadhali usizifute. Mengine yote ya orodha tunaweza kubishana, hili hapana. Mkanda wa marehemu mzee aliouhamisha Kessy kutoka VHS, harusi ya Zuhura, picha za watoto tangu kuzaliwa, vyote viko humo na kwingine havipo.

Diski zako ni za NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, nayo haigeuki kuwa ZFS, mpangilio utakaotumia kwenye seva, huku data ikiwa ndani, lazima ifutwe kwanza. Ukitumia diski zilezile kutakuwa na saa kadhaa ambapo kila kitu kimebaki kwenye diski moja iliyozeeka, nayo inasomwa mfululizo bila kupumzika. Diski mbovu hujulikana hapo, kwa sababu ndipo inaposomwa sehemu ambazo hazijaguswa kwa miaka. Nunua mbili mpya za TB 8, hata kama itabidi vingine vyote visubiri. Za zamani zibaki kabatini kama zilivyo.

Pesa ya diski ipo: ondoa kadi ya picha ya NVIDIA. Jellyfin, ile programu ya kurusha video zako kwenye TV, inageuza video ziweze kuchezwa na kila kifaa kwa Quick Sync, nayo imo ndani ya prosesa za Intel zenye chipu yake ya picha. Tafuta mashine ya ofisini iliyotumika, yenye Core i5-8500. Hiyo ni kizazi cha 8, ina chipu ya picha ya UHD 630, inasoma na kuandika HEVC ya biti 10 (aina ya kubana video), na kwa nyumba yenu inatosha na kubaki. Usikubali kizazi cha 6 hata wakikushushia bei vipi, kwani HEVC ya biti 10 kinaishindwa, na video nyingi za 4K ni za aina hiyo. Usikubali pia prosesa yenye herufi F mwishoni, haina chipu ya picha kabisa. AV1, aina nyingine mpya zaidi ya kubana video, ndiyo 8500 haiijui, lakini kwenye maktaba yako sidhani kama unayo hata moja.

Kisha kuna Luku, umeme wa kulipia kabla. Kila wati 10 zinazowaka usiku na mchana ni uniti 7 na kidogo kwa mwezi. Mashine ya wati 90 na ya wati 30 zinapishana uniti 43 kila mwezi, na kama nyumba bado iko kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75, tofauti hiyo peke yake inaweza kuwatoa.

Ukiwa dukani fungua kava, usinunue kwa kuangalia nje. Hesabu nafasi za diski za inchi 3.5, ziwe mbili au zaidi. Angalia kama madabodi ina nafasi ya M.2, tundu la SSD ya NVMe (diski ndogo ya chipu yenye kasi). Tazama pawasaplai pia, kwa sababu mashine nyingi za ofisini za Dell na HP zina plagi za peke yake, ikiungua hupati ya kawaida ya kubadilisha, na waya za umeme wa diski huwa chache. Muuzaji atakupa kiunganishi cha kutoka plagi ya umeme ya Molex kwenda ya SATA, ile ya diski. Ukilazimika kukitumia, chukua chenye plagi ya kubana kwa vipande viwili. Ile iliyomwagwa plastiki nzima huweza kupata shoti kwa ndani na kuwaka moto. RAM ya GB 64 ni nyingi, chukua 32 katika vipande viwili.

Sasa diski, na hapa Hamadi nakuomba usome polepole. Kuna diski za SMR na za CMR; za CMR njia zake za data hazipandani. Kwenye SMR njia za data zimepandana kama makuti ya paa, kwa hiyo kuandika upya njia moja ni kuiandika upya na jirani yake, na jirani wa jirani. Kwa kuweka faili mara moja na kusoma, hutaona tofauti. Tatizo linakuja siku diski moja ya ZFS imekufa, umeweka nyingine, na mfumo unanakili TB nzima kwa mfululizo: SMR inashuka kasi hadi kazi ya usiku mmoja inachukua siku na siku, au ZFS inaikataa diski ikidhani ni mbovu. Ndiyo maana Barracuda ya TB 8 uliyoiandika, ST8000DM004, isinunuliwe. Ni SMR. Chukua IronWolf au WD Red Plus. Red isiyo na neno Plus iache, TB 2 hadi 6 za jina hilo ziliuzwa zikiwa SMR.

Muuzaji akisema mpya, usiishie kuangalia mfuko. Beba kompyuta ndogo na kiunganishi cha USB, upige smartctl -a, amri ya kusoma afya ya diski iliyomo kwenye programu ya smartmontools, hapo hapo kaunta. Mstari wa 9, Power_On_Hours (saa ambazo diski imewaka), uwe sifuri au karibu yake. Mistari ya 5 na 197, inayohesabu sehemu mbovu za diski, iwe sifuri kabisa. Hesabu hizo zinaweza kufutwa na mjanja, kwa hiyo kwa Seagate piga pia smartctl -l farm, inasoma kumbukumbu nyingine isiyofutika kirahisi. Toleo la smartmontools liwe 7.4 au juu yake. Ukifika nyumbani, kabla hujaweka hata faili moja, piga smartctl -t long, jaribio la diski nzima, kwenye zote mbili. Kwa TB 8 itachukua zaidi ya saa 12. Ziache.

TrueNAS, mfumo wa kusimamia diski, uliyoiweka ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta), nakushauri uiache. Inataka kuzishika diski yenyewe, maana yake ununue kadi ya kontrola na kuikabidhi nzima kwa mashine pepe hiyo, na ikigoma kuwaka Jellyfin nayo inakaa bila filamu. Proxmox, mfumo utakaoendesha seva na mashine pepe zake, yenyewe inaijua ZFS. Isimike kwenye NVMe ya GB 500 kwa ext4, siyo ZFS, kwa sababu SSD za bei nafuu huchakaa mapema chini ya ZFS. Zile mbili za TB 8 zifanye kioo, yaani kila kitu kiandikwe kwenye zote mbili:

zpool create -o ashift=12 tanki mirror halafu majina mawili kutoka /dev/disk/by-id

Usitumie sda na sdb, herufi hizo hubadilika ukichomeka diski nyingine. Kisha zfs create tanki/video, uipe recordsize=1M na atime=off. Ukaguzi wa ZFS wa kila mwezi huja umeshapangwa, Jumapili ya pili, hakikisha tu mashine inawaka siku hiyo.

Jellyfin iweke kwenye kontena (chumba chepesi kinachotumia Linux ya seva yenyewe), siyo ndani ya Windows kama ulivyochora. Ukikabidhi chipu ya picha ya prosesa kwa mashine pepe moja, nyingine haziipati, na hata skrini ya seva yenyewe inazimika. Kontena linashirikiana. Kwenye Proxmox 8.2 kwenda juu nenda Resources, Add, Device Passthrough, andika /dev/dri/renderD128, na GID (namba ya kundi) iwe ya kundi la render la ndani ya kontena (uipate kwa getent group render). Mwongeze mtumiaji jellyfin kwenye kundi hilo, washa Quick Sync, cheza video moja kwa ubora wa chini huku ukitazama intel_gpu_top kwenye seva. Safu ya Video isipocheza, prosesa ndiyo inayobeba mzigo wote.

Folda ya video iingize kwa pct set 101 -mp0 /tanki/video,mp=/video, hiyo 101 ikiwa namba ya kontena. Hapa ndipo wengi hukwama. Ndani ya kontena lisilo na mamlaka (unprivileged), mtumiaji 1000 ni 101000 kwa nje. Usipolijua hilo utaona faili zote ni za nobody na nogroup, na utashawishika kupiga chmod 777, inayomfungulia kila mtu. Badala yake piga chown -R 101000:101000 /tanki/video kwa nje. Jellyfin inahitaji kusoma tu, kuandika utafanya kupitia Samba, programu ya kushirikisha folda mtandaoni, kwenye kontena lake dogo.

Immich, programu ya kutunza picha, iende kwenye mashine pepe ya Debian (aina ya Linux) yenye Docker, RAM GB 6, diski yake pepe iwe juu ya tanki. Windows ya hesabu za shemeji ipe GB 8 na CPU aina ya host. Kisimikaji chake hakitaiona diski mpaka uchomeke ISO ya virtio-win na kupakia kiendeshi cha vioscsi, usidhani umeharibu. Jellyfin ipe GB 4, ZFS iwekee kikomo cha GB 4, zilizobaki ziache wazi.

Mtandao: mashine hizi nyingi zina kadi ya Intel I219, nayo chini ya Proxmox huweza kuganda ukinakili mafaili makubwa. Kwenye dmesg, kumbukumbu za mfumo, utaona Hardware Unit Hang. Dawa ni ethtool -K eno1 tso off gso off, uiweke kama post-up kwenye /etc/network/interfaces ili idumu.

Nirudi kwenye kuhamisha, maana ndiko roho yangu iliko. Kwanza kwenye Windows ya zamani piga powercfg /h off, kisha zima kompyuta. Usipofanya hivyo Windows huiacha NTFS nusu imelala, na Linux itaigomea au kuisoma vibaya. Chomoa diski moja, ichomeke SATA ya mashine mpya, ifungue kwa kusoma tu: mount -t ntfs3 -o ro. Nakili kwa rsync -rtv, ikiisha rudia kwa rsync -rnvc, ambayo hainakili kitu bali inalinganisha yaliyomo kwenye kila faili kwa hesabu ya uhakiki (checksum) na kukutajia zilizotofautiana. Orodha ya faili ikiwa tupu, endelea na diski ya pili. Ukitumia mtandao wa gigabiti badala ya SATA, TB 3 ni saa 8 hivi kwa video, na picha ndogondogo huchelewa zaidi. Katikati ya kazi mstari wa 199 wa smartctl, makosa ya mawasiliano na diski, ukianza kupanda, badilisha waya wa SATA kabla hujailaumu diski.

Na usidanganyike na kioo. Kioo kinakuokoa diski moja ikifa. Mtoto akifuta folda, au radi ikipiga, zote mbili zinaondoka pamoja. Jambo ambalo Proxmox haikwambii kwa sauti ni kwamba bakapu yake ya kontena inaruka folda zilizoingizwa kwa mp0 kutoka nje. Utaona alama ya kijani kila usiku na video hazimo. Kwa hiyo video zinataka nakala yao wenyewe: diski ya nje ya USB, rsync mara moja kwa mwezi, kisha ikalale kwa kina Mwanaidi. Isilale nyumba moja na seva. Diski za zamani nazo usiziguse hata baada ya kulinganisha, wala usizipangie kazi nyingine mwaka huu.

UPS, ile betri ya akiba, unayo, lakini haisaidii kama haizungumzi na seva. Waya wake wa USB uchomeke, simika NUT, programu ya kuisikiliza UPS, na kiendeshi cha usbhid-ups, uamuru seva ijizime betri ikiwa bado na nusu, maana kuzima mashine pepe zote kunaweza kuchukua dakika kadhaa. Ndani ya Windows na Debian weka kwanza wakala wa QEMU, programu ndogo inayopokea amri za Proxmox, ili zizimike kwa adabu. Umeme ukirudi, usiiwashe papo hapo, subiri utulie.

Sasa nijibu kabla ya Ijumaa. Zile diski mbili zimeandikwa namba gani kwenye lebo, na smartctl inasemaje kuhusu mstari wa 5 na wa 197? Diski ya pili ni nakala ya ile ya kwanza kweli, au nusu ya video ziko hii na nusu ile? Hesabu za shemeji zinahitaji Windows kweli, au ile programu yake siku hizi inafunguka kwenye kivinjari? TV ya sebuleni inakubali programu ya Jellyfin, na rauta iko chumba gani, waya utafika au utategemea Wi-Fi? Zile kanda nyingine za mzee, Kessy amezirudisha au bado ziko kwake? Na Jumamosi unapanda basi la saa ngapi, nikupokee stendi ya Magufuli tuende dukani pamoja?

Wako,
Mwinyi