Bei ya kukata mwembe haitajwi kwa simu

Ndugu Mhariri,

Mvua za Novemba zikikaribia, simu zinaanza: "Fundi, nina mwembe nyuma ya nyumba, shilingi ngapi?" Anayetaja bei hapo hapo atapunja au atapunjwa. Tabora ni mji wa miembe, na mingi imeinamia bati za watu kuanzia Isevya hadi Ng'ambo. Naomba nafasi tuiweke hesabu hii wazi.

Wenye nyumba hupima mti kwa urefu, lakini kinachokula siku ni unene. Zungusha futi kwenye shina usawa wa kifua. Ukipata sentimita 188, gawa kwa 3.14, unene ni 60 hivi. Unene ukiongezeka mara mbili, kuni katika kila mita ya gogo zinaongezeka mara nne. Kipande kibichi cha unene wa sentimita 60 na urefu wa mita 1 kina robo tani hivi. Hakibebeki, kinabingirishwa, na kama geti ni jembamba, lazima kipasuliwe palepale. Hapo siku ya pili imeshaingia.

Uwanjani mti huangushwa mzima. Juu ya bati kila tawi linafungwa kamba na kushushwa polepole. Tawi la unene wa sentimita 20 na urefu wa mita 3 lina kilo 80 hivi. Likiachiwa linapita na bati na kenchi. Palipo na nyaya, TANESCO wazime umeme kwanza, na mkubaliane mapema nani analipa siku ya kusubiri.

Fundi akifika agonge shina kwa kisogo cha shoka. Likilia kama ngoma, ndani kuna pango, na hakuna wa kupanda mti huo kwa bei ya mti mzima. Mkoa huu ni wa asali, kwa hiyo achungulie pango kama lina nyuki. Mrina asali aitwe usiku, malipo yake kando. Aangalie pia misumari ya kamba za nguo na mabango. Doa jeusi kwenye gome ni dalili yake. Msumari mmoja unamaliza meno ya mnyororo wa chensoo, basi iandikwe nani ananunua mnyororo mpya.

Tuchukulie mwembe wa siku mbili, kwa namba za mfano tu. Watu 4 kwa 20,000 kwa siku ni 160,000. Petroli na oili 30,000. Kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, safari 2, 80,000. Mnyororo na tupa 15,000. Jumla 285,000. Ongeza asilimia 20 ya hatari na faida, yaani 57,000, unafika 342,000. Anayekuja na 150,000 kwa mti huohuo amesahau kitu, na mara nyingi amesahau usafiri. Atashusha matawi, atachukua magogo yanayouzika, na majani yatabaki mlangoni kwako hadi yaoze.

Ndiyo maana "kuni chukueni, mnipunguzie" inatuumiza wote. Mwembe si mninga, mti wa mbao za thamani. Wanunuzi wake wakubwa ni wachoma matofali, na tanuru likiwa mbali nauli inameza kuni zote. Fundi apunguze bei pale tu mnunuzi anapojulikana kabla ya tawi la kwanza kukatwa.

Kisiki ni kazi nyingine. Kukikata sawa na ardhi kunaingiza mchanga kwenye mnyororo. Kukichimba karibu na msingi au bomba la maji ni kazi ya sururu na subira. Kikiachwa kirefu, mwembe unachipua tena. Iandikwe kisiki kitabaki sentimita ngapi.

Mwenye nyumba atangulize theluthi moja ya kununulia mafuta na kamba. Theluthi mbili alipe uwanja ukishafagiliwa.

Mkata miti,
Cheyo, Tabora